Mkono wa Kike

Tulishuka kwenye barabara ya Mbeya umande ukiwa bado haujakauka,
mimi na Lwitiko, mtoto wa dada yangu aliyeolewa Tukuyu,
viazi vya kuchemsha kwenye kifuko,
chumvi ndani ya karatasi ya daftari.
Kutoka lami hadi Isimila ni mwendo wa nusu saa.
Yeye aliumaliza kwa robo,
akarudi kuniuliza kama nimekufa.

Baridi ya Juni,
ile inayoingia kwa mikono ya sweta na kuomba kulala.
Mahindi yamevunwa, mabua yamebaki yakinong'onezana,
njia nyembamba, nyekundu, ina alama za mbuzi na baiskeli moja.

Mlinzi, Bwana Mgongolwa, alitukatia risiti.
Aliandika jina langu taratibu, kisha akauliza kazi.
Fundi cherehani, Mashine Tatu.
Akafunika kwa kiganja kifungo kilichokosekana shatini.

Halafu korongo.
Nilitazamia mawe; nikakuta vitambaa.
Jora juu ya jora, jekundu, jeupe, rangi ya maziwa yenye chai,
nguzo ndefu kuliko mnara wa kanisa letu,
na mvua ndiyo fundi, inakata bila futi,
haimpimi mtu, haiharakishwi na harusi ya Jumamosi.
Pimbi mmoja alituchungulia kutoka ufani,
yule aliyekosa mkia kwa uvivu wa kutuma wengine.
Lwitiko akamwita kwa jina la mwalimu wake wa hesabu.

Chini, mchangani, mawe yamelala yalivyoachwa.
Yamechongwa pande mbili, ncha mbele, tumbo nyuma.
"Haya hayaguswi," alisema Mgongolwa,
"ila hili moja. Hili ni la wageni."

Nilipokea kwa mkono wa adabu.
Likakaa kama mtoto wa watu,
limenuna, linatafuta pa kushukia.
Nikalihamishia kushoto.
Dole gumba likaona shimo lake, likaingia,
vidole vinne vikafuata bila kuitwa.

Darasa la tatu, Mwalimu Nyalusi
aliufunga mkono huu na kamba ya katani kwenye mguu wa dawati.
"Andika kwa wa kulia! Wa kulia!"
Na mimi, mtoto mjinga, nilidhani
ndio mkono uliotengwa kwa machozi,
nikaufutia macho mpaka kengele.
Nyumbani pia: usimpe mgeni kwa huo,
usipakue kwa huo, usiage kwa huo.
Bibi aliuita mkono wa kike, tena kwa sauti ya kusonya.
Hata mkasi. Miaka ishirini na miwili
mkasi unanichuna sugu pasipo pake
kwa sababu aliyeufua hakuniwazia.

Huyu aliniwazia.
Nililisema hilo kwa sauti, nadhani,
maana Mgongolwa alikuja, akalichukua jiwe,
akalipachika katika mkono wake wa kuume.
Likamkaa. Likamkaa barabara.
"Jiwe ni jiwe, dada," alisema. "Halina ukoo."

Nilicheka mpaka pimbi akakimbia.
Nilikuwa nimeshaanza kumpa jina yule mchongaji,
nimeshamshonea gauni.

Tulipanda juu ya korongo, tukala viazi.
Nilichovya chumvi kwa mkono niliotaka.
Lwitiko aliona. Akameza, akauliza tu
kama kile kikubwa nakitaka.
Upepo ulikuwa unapukuta punje za mchanga,
moja moja, kutoka kwenye nguzo iliyo mbele yetu,
kazi isiyo na tarehe ya kukabidhi.

Jumatatu vumbi jekundu lilikuwa bado chini ya ukucha.
Mteja wa suti aliliona nikimpima bega,
akadhani ni chaki.
Nikamwacha adhani.